SAHIHI KABLA YA VITI



Wako wanaosema tukipata viti Bungeni shida zimekwisha. Na wawatazame wenzetu wa New South Wales, Australia. Mgomo mkubwa wa 1890 uliposhindwa, vyama vya wafanya kazi viliingiza watu 35 Bungeni mwaka 1891. Mara wakagawanyika, tena kwa habari ya ushuru wa forodha! Ndipo kila mgombea akatakiwa kutia sahihi kwamba atapiga kura pamoja na wenzake. Kwetu sisi sahihi hiyo ni kubwa kuliko viti. Oktoba 1910 walishinda, viti 46 katika 90, na James McGowen, fundi wa boila, akawa Waziri Mkuu wa jimbo. Hata yeye, alipokubali watu waandikishwe jeshini kwa lazima, chama kilimfukuza mwaka 1916.