*TAMKO LA TAWI – NANSIO*
*MPANGO WA CHUO UANZIE MWALONI, USIISHIE KABATINI*



Tawi letu linatoa tamko hili kuhusu mafunzo ya ufundi kwa vijana wa Ukerewe, na hasa kuhusu mpango mkakati wa chuo. Tunaomba lisomwe hadi mwisho, lisambazwe kwenye makundi ya mitaa na vitongoji, na lijadiliwe. Aliye na hoja tofauti ailete. Tunataka hoja, hatutaki matusi.

*Msimamo wetu kwa ufupi*

Majengo ya chuo si mpango. Karakana, mashine na ukuta vinaweza kukamilika, na bado kijana wa Irugwa asijue mlango wa chuo uko wapi. Tunataka mafunzo ya ufundi katika wilaya hii yaendeshwe kwa mpango wa miaka mitano unaojulikana kwa wananchi, uliotokana na kazi zinazofanyika hapa, na unaopimwa kila mwaka mbele ya wananchi hao hao.

*Tumetoka wapi*

Wazo la chuo cha wananchi si geni kwetu. Huko Denmark, mwaka 1844, lilianza kama shule ya watu wazima wa vijijini katika mji wa Rødding, likaenea nchi zote za kaskazini mwa Ulaya. Mwalimu Nyerere aliliona huko, na mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, Tanzania ikaanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Nia ilikuwa moja: mtu achaguliwe kijijini kwake, apate ujuzi, arudi kukijenga kijiji. Mkoa wetu wa Mwanza una vyuo vya aina hiyo. Malya na Sengerema ni mifano tunayoifahamu.

Vyuo vile vina somo kwetu. Mwaka 1990 vilihamishwa kutoka wizara ya elimu kwenda wizara ya maendeleo ya jamii, na mwaka 2016 vikarudishwa elimu. Msaada wa nje ulipopungua katika miaka ya 1990, vingi vilichakaa. Havikudhoofika kwa sababu wazo lilikuwa baya. Vilidhoofika kwa sababu mpango wa uendeshaji ulisimama juu ya mguu wa mtu mwingine, na mguu huo ulipoondolewa hapakuwa na wa pili. Ilibidi Serikali ianze upya kuvikarabati miaka ya karibuni.

Kwa upande wa ufundi stadi, VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na katika miaka ya karibuni Serikali imeamua kuwa na chuo cha ufundi katika kila wilaya. Sera ya elimu toleo la 2023 nayo imeleta mkondo wa amali sekondari. Maana yake ni kwamba vijana watakaotaka ufundi wataongezeka, si kupungua. Swali la wakati huu si kama tunahitaji chuo. Swali ni chuo kifundishe nini, kimfundishe nani, na akimaliza aende wapi.

*Hali yetu*

Sensa ya 2012 ilitukuta Ukerewe tuko watu wapatao 345,000. Ile ya 2022 ilitukuta zaidi ya 387,000. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Mashamba ya mihogo, mpunga na michungwa yanagawanywa kila baba anapofariki. Ziwani, kila mvuvi anajua sangara wa leo si wa miaka ya tisini, na nyavu zimeongezeka kuliko samaki. Kijana anayemaliza darasa la saba au kidato cha nne ana njia tatu anazoziona: apande mtumbwi, apande bodaboda, au apande meli aende Mwanza akatafute kibarua. Chuo kinatakiwa kuwa njia ya nne. Kama hakijapangwa hivyo, kitakuwa mahali pa kusubiria zile tatu.

*Mambo sita tunayotaka yawemo kwenye mpango*

*1. Fani zianzie ziwani.* Fani za kawaida kama umeme wa majumbani, uashi, ushonaji na kompyuta zinahitajika, hatuzipingi. Lakini wilaya yenye visiwa 38 haiwezi kuiga orodha ya fani za wilaya isiyo na maji. Tunataka utengenezaji na ukarabati wa mitumbwi na boti, ufundi wa injini za boti, ufundi wa majokofu na mashine za barafu, uchakataji wa dagaa na samaki kwa ubora unaokubalika sokoni, ufugaji wa samaki kwa vizimba, na umeme wa sola. Serikali imekuwa ikitoa mikopo ya boti za kisasa na vizimba kwa wavuvi wa ziwa hili. Injini ikiharibika, fundi anatoka wapi? Kizimba kikichanika, nani anakishona? Wakala wa mafunzo ya uvuvi, FETA, ana kampasi Nyegezi, ng'ambo tu ya maji. Mpango useme wazi chuo chetu kitashirikiana nayo vipi.

Hapa kuna jambo zito zaidi ya ajira. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara na tukapoteza ndugu zetu zaidi ya 220. Hatuwataji kwa ajili ya siasa. Tunawataja kwa sababu watu wa visiwani hawana barabara nyingine isipokuwa maji. Fundi aliyefunzwa vizuri, nahodha anayejua uzito wa chombo chake, na abiria anayejua kuvaa jaketi la kujiokolea ni sehemu ya elimu ya ufundi katika wilaya hii. Kozi fupi ya usalama majini isiwe ya hiari.

*2. Ratiba ifuate maisha ya watu.* Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika siku kadhaa kila mwezi. Siku hizo vijana wako mwaloni hawana kazi. Mpango wa mtu anayeijua Ukerewe ungepanga kozi fupi katika siku hizo hizo: siku tano za injini mwezi huu, siku tano za mahesabu ya biashara mwezi ujao. Mkulima naye ana msimu wake. Chuo kinachofungua na kufunga kwa kalenda ya shule peke yake kinawafungia nje watu wazima wote.

*3. Chuo kiende visiwani.* Mtu wa Nansio anaenda chuoni kwa mguu au kwa pikipiki. Mtu wa Ukara au Irugwa analipa nauli ya maji, analala ugenini, anakula kwa fedha. Kwake ada ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Kwa hiyo tunataka mabweni yapewe kipaumbele kabla ya jengo jingine lolote la utawala, na walimu wapangiwe zamu za kwenda visiwani na vifaa vya kubebeka, wakitumia madarasa ya shule wakati wa likizo. Kila kata ya kisiwani iwe na idadi ya nafasi zake, iandikwe, ihesabiwe.

*4. Mafundi wa mitaani watambuliwe.* Tuna wazee na vijana wanaochonga na kuziba mitumbwi isiyoingiza tone la maji, na hawana cheti hata kimoja. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi anapimwa kwa kazi yake, anaongezewa anachokosa, anapewa cheti. Mpango uwe na idadi ya mafundi watakaorasimishwa kila mwaka, na bora wao waitwe kufundisha kwa vitendo. Ukara inajulikana hata kwa wataalamu wa nje kwa kilimo chake cha mbolea ya samadi na ng'ombe wa kufungia zizini, kilichobuniwa na wakulima wenyewe kabla hawajaletewa bwana shamba. Watu wenye historia hiyo si mabeseni matupu ya kumwagiwa elimu.

*5. Wasichana na mama wachanga.* Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, na baadhi ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vimekuwa vikiwapokea mabinti wakiwa na watoto wao. Kwetu mialoni tatizo hili linajulikana, halihitaji kupambwa kwa maneno. Tunataka chumba cha kulelea watoto chuoni, bweni salama la wasichana, na fani zote ziwe wazi kwao, ikiwemo ya injini. Binti asielekezwe kwenye cherehani kwa sababu tu ni binti.

*6. Baada ya cheti, nini?* Hapa ndipo mipango mingi hufia. Kijana anapewa cheti, anapigwa picha, anarudi nyumbani bila bisibisi. Halmashauri kwa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tunataka wahitimu wasaidiwe kuunda vikundi wakiwa bado chuoni, ili siku ya mahafali andiko lao liwe tayari mezani. Pia sheria ya manunuzi ya umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu. Madawati, milango na madirisha ya shule zetu yatengenezwe na vijana wetu, kwa bei ya haki na kwa ubora unaokaguliwa.

*Fedha*

Tunajua swali litakalokuja: fedha ziko wapi? Waajiri wenye watumishi kumi au zaidi wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo tangu 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara. Sehemu yake huendesha ufundi stadi nchini. Wabunge na madiwani wetu wa vyama vyote waitetee sehemu ya visiwani, kwa sababu kufundisha kijana mmoja kisiwani kunagharimu kuliko kumfundisha mjini. Karakana nayo izalishe: itengeneze boti, irekebishe injini kwa malipo, na hesabu zibandikwe ukutani kila robo mwaka. Na katika kila bajeti pawe na fungu la matengenezo lisiloguswa. Mashine ikikaa mwaka mzima ikisubiri mkanda mmoja, hiyo ni hasara aliyoilipia mwananchi.

*Majibu kwa wanaotupinga*

Wapo wanaosema mpango mkakati ni kazi ya wataalamu. Tunakubali uandikwe na wataalamu. Lakini mtaalamu akishona koti bila kumpima mvaaji, mvaaji ndiye atakayepata baridi. Nchi hii ina utaratibu wake wa kupanga kwa kushirikisha wananchi, wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, unaoanzia kijijini na mtaani. Utumike kwa chuo pia.

Wapo wanaosema chama kinataka kukiteka chuo. Hapana. Nafasi za masomo zisitolewe kwa kadi ya chama chochote, chetu kikiwemo. Tukiona kiongozi wa tawi hili anapeleka majina ya watoto wa jamaa zake, tutamtaja ndani ya vikao na kumwondoa.

Na wapo wazazi wanaosema ufundi ni wa walioshindwa. Kwao tunauliza: usiku injini ikizima katikati ya ziwa, mnamwita nani?

*Tunachotaka kifanyike*

Kwanza, uongozi wa wilaya na wa chuo uitishe mikutano ya kukusanya maoni Nansio, Kagunguli, Ilangala, Ukara na Irugwa kabla mpango haujapitishwa, si baada.

Pili, bodi ya chuo iwe na mwakilishi wa wavuvi, wa wakulima, wa mafundi, wa wanawake na wa watu wenye ulemavu, wenye haki ya kusema na kupiga kura.

Tatu, kila mwaka itolewe taarifa fupi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: waliingia wangapi, kutoka kata zipi, walimaliza wangapi, na miezi sita baadaye wangapi wana kazi. Idadi ya waliomaliza peke yake haitutoshi.

*Wajibu wetu wenyewe*

Kulalamika ni rahisi. Kila mwanachama wa tawi hili anaombwa afanye mambo mawili. Azungumze na vijana watano wa mtaa wake, aandike wanataka ujuzi gani na nini kinawazuia. Kisha amtafute fundi mmoja asiye na cheti, aandike kazi yake. Orodha zikusanywe na makatibu, zipelekwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na nakala kwa diwani. Tukienda na majina na idadi, hatutaambiwa tumekuja na porojo.

Dira ya Taifa ya 2050 inazungumzia uchumi wa watu wenye ujuzi. Mtoto anayezaliwa leo Nansio atakuwa na miaka ishirini na kitu mwaka huo. Atakachokuta kitategemea tunachokiandika sasa, na kama tutakisimamia.

Maoni yapelekwe kwa katibu wa tawi au yaletwe kwenye kikao. Sambaza kwa wengine.

Chuo ni cha wananchi. Wananchi wakipange.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi*
*Nansio, Ukerewe*