Kazi ya Naibu Chansela itangazwe kabla ya majina

Naibu Chansela wa chuo kikuu cha umma nchini Kenya anapoingia ofisini, kila mtu anajua lini atatoka. Muhula wake ni miaka 5 na huongezwa mara moja tu. Ni nafasi chache za uongozi ambazo ni rahisi hivyo kuziandalia mrithi. Hata hivyo, kila mkuu anapokaribia kustaafu, vyuo vyetu hushtuka kama watu walioamshwa usiku wa manane. Kaimu huteuliwa mbiombio, majina huanza kunong'onwa mjini na vijijini, wanasiasa huweka kambi, na mara nyingi mambo huishia mahakamani. Wasomi wenye sifa tunao tele. Kinachotuponza ni kuanza kuuliza atakuwa nani kabla ya kukubaliana hadharani ataifanya kazi gani. Vyuo vya ukanda wa Ziwa, kuanzia Maseno hadi Bondo, Homa Bay na Rongo, vinaweza kuubadili mpangilio huo bila kusubiri sheria mpya.

Tumetoka mbali katika jambo hili. Kwa miaka mingi Rais ndiye aliyekuwa Chansela wa kila chuo kikuu cha umma, na mkuu wa chuo alitoka mkononi mwake. Mwai Kibaki aliiachia kofia hiyo baada ya kuingia madarakani, akateua machansela wengine. Mnamo 2005 Profesa George Magoha, mwana wa Gem katika Siaya, akakabidhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi baada ya nafasi hiyo kushindaniwa, na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ikaufanya ushindani kuwa kanuni. Baadaye Tume ya Utumishi wa Umma ikaingizwa katika usaili, na mvutano kuhusu mamlaka ya Tume na ya mabaraza ya vyuo haujakoma hadi leo. Mvutano huo umetuchukulia muda mwingi kupita kiasi. Tumeshughulika kumtafuta mwenye haki ya kuchagua, tukasahau kipimo atakachochagulia.

Matokeo tumeyaona. Mnamo Septemba 2016, baada ya Profesa Richard Mibey kuondoka Chuo Kikuu cha Moi, Profesa Laban Ayiro aliteuliwa kuwa kaimu. Magavana wa Uasin Gishu na Elgeyo-Marakwet wakaongoza maandamano hadi chuoni kumpinga, wakitaka mtu wa eneo hilo. Hoja yao ilihusu asili yake, si ujuzi wake. Januari 2020 ikawa zamu ya Nairobi. Profesa Stephen Kiama aliibuka wa kwanza katika usaili na kutangazwa mshindi, lakini siku chache baadaye Waziri wa Elimu, Magoha yule yule aliyeingia kwa ushindani, akabatilisha uteuzi na kulivunja baraza. Mahakama ilisimamisha hatua hiyo, na hatimaye Kiama akabaki ofisini. Katika visa vyote viwili, mwanafunzi, mhadhiri na mlipa kodi hawakuwa na waraka wowote wa wazi wa kuwawezesha kusema kwamba chuo kilihitaji hili na hili, na huyu ndiye anayelimudu. Pengo hilo ndilo linalojazwa na ukabila na amri kutoka juu.

Tutazame Bondo. Profesa Stephen Agong alikilea Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga tangu kilipokuwa chuo kishiriki cha Maseno, akakifikisha kwenye hati ya chuo kamili mnamo Februari 2013. Aliyemrithi, Profesa Emily Akuno, ni msomi wa elimu ya muziki aliyewahi kuliongoza Baraza la Kimataifa la Muziki, na alikuwa ameshika nafasi ya juu katika Chuo Kikuu cha Ushirika. Mwasisi hujenga madarasa na kutafuta hati. Anayempokea hukuta mishahara, madeni na utafiti wa kuendeleza. Chuo hicho kina kituo cha umahiri kinachotafiti wadudu kama chakula cha watu na lishe ya mifugo. Si utafiti wa mapambo. Omena inayoanikwa kwenye nyavu kuukuu ufuoni Usenge hugombaniwa na sufuria ya mama wa nyumbani na kiwanda cha chakula cha kuku, na nyenje wanaofugwa vizuri wanaweza kuupunguza ugomvi huo. Basi swali la kwanza kwa anayetaka kuongoza chuo kama hicho liwe: kituo hiki utakiendeshaje fedha za wafadhili zikikauka? La pili lihusu madeni, kwani mgomo wa wahadhiri wa 2025, uliodumu siku 49, ulionyesha malimbikizo ya malipo yanavyoweza kufunga madarasa nchi nzima.

Wapo watakaosema mcheza kwao hutunzwa: jamii iliyotoa ardhi na kuchanga fedha ina haki ya kuongozwa na mwanawe. Uchungu wao naufahamu, kwa sababu ukanda huu ulinyimwa mengi kwa miongo mingi. Lakini hoja hiyo ingemfungia Magoha nje ya Nairobi, na inamfungia kila kijana wa Nyakach au Mbita mlango wa Eldoret na Nyeri. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 hairuhusu taasisi ya umma kujaza zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, na mkuu aliyeingia kwa tiketi ya ukoo hawezi kuitekeleza. Jamii ilipwe kwa chuo kinachotibu gugumaji, malaria na bei ya samaki, na kazi hizo ziandikwe kwenye masharti ya nafasi.

Wengine wanahofu kwamba uwazi utawafukuza wasomi wanaoona haya kushindwa hadharani, na kwamba utachelewesha mambo. Hofu ya kwanza ina uzito, ndiyo maana sidai barua zote za maombi zichapishwe. Majina ya waliofika hatua ya mwisho na alama zao yanatosha. Ng'ambo ya ziwa, sheria ya Uganda inaitaka Seneti ya chuo kama Makerere ipendekeze watu watatu, Baraza limpelekee Chansela mapendekezo, na kwa njia hiyo wahadhiri huwajua wagombea wao. Kampeni huwa kali, lakini walimu huwa na sauti. Kuhusu kuchelewa, tarehe ya kuondoka inajulikana miaka mitano kabla, na kuanza mwaka mmodi mapema hakumchelewishi mtu.

Kwa hiyo mabaraza ya Maseno na jirani zake yafanye mambo matatu miezi 12 kabla ya muhula kwisha. Yachapishe hali halisi ya fedha za chuo, yaani madeni, mapato na mishahara. Yakutane na Seneti, wafanyakazi, wanafunzi na wakazi, kisha yaandike kazi tatu au nne ambazo mkuu ajaye atapimwa nazo kila mwaka. Usaili ukiisha, yatoe alama kwa kila kazi iliyoorodheshwa, nani alipata ngapi na kwa nini. Sheria haiyakatazi hata moja kati ya haya. Waziri atakayetaka kubatilisha uteuzi uliofanywa hivyo atalazimika kusema ni kipimo kipi kilikiukwa, na mwanasiasa atakayeandamana atalazimika kusema mtu wake angeifanya kazi ipi vizuri zaidi.