Jeraha la moyo lisiitwe tabia

Tarehe 5 Oktoba, 2017, wapiganaji walishambulia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia. Mji huo wa bandari, kaskazini mwa Cabo Delgado, ulitekwa Agosti 2020, ukakombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda Agosti 2021. Wakimbizi walianza kurejea makwao, na wapo vijana walioonja utumwa wa msituni.

Kijana wa namna hiyo akighadhibika ghafla au akimshuku kila mtu, majirani ni wepesi wa kusema, “Ndivyo alivyo.” Hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Mwaka 1990 Peter Salovey na John Mayer walieleza kuwa akili ya hisia ni uwezo wa kutambua hisia zako na za wenzako, kuzipambanua, na kuziongoza. Mwenye kasoro za haiba mara nyingi hupungukiwa na uwezo huo. Lakini kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022, kasoro hizo si ghadhabu ya wiki moja. Ni mwenendo wa muda mrefu, kama miaka 2 au zaidi, unaovuruga maisha ya mtu na uhusiano wake na watu. Mwongozo huohuo unatambua kiwewe kizito, ambacho nacho humfanya mtu ashindwe kutawala hisia zake. Kwa macho tu, mambo hayo mawili hufanana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka; kushtuka huko si ubaya wa tabia.

Kwa upande mwingine, upole wa nje si kipimo. Yuko azijuaye vema huzuni na tamaa za wenzake, naye huzitumia kuwahadaa. Kuitambua huzuni si kuihurumia.

Yatupasa kujua pia kwamba ustadi wa hisia hufundishika. Mtaalamu wa Marekani, Marsha Linehan, alibuni tiba inayowafunza watu wenye kasoro kama hizo kutuliza hisia na kustahimili dhiki. Basi walimu, mashehe, mapadre na wauguzi hawana budi kujifunza kusikiliza kabla ya kulaumu, na serikali haina budi kupeleka waganga wa akili pamoja na saruji na mabati.

Aliyetenda jinai ahukumiwe na mahakama. Aliyejeruhiwa moyo apelekwe kwa tabibu, wala asihukumiwe barazani.