Taa Nyekundu Ionwe na Wote

Ndugu mfanyakazi, wewe uliyeacha jamaa Baraka au Fizi ukaja kazini, jiulize: kabla hujawasha pampu ya kutoa maji shimoni, nani anajua hali yake?

Siku hizi migodi mingi hutunza habari za matengenezo katika programu ya kompyuta. Dashibodi huonyesha kwa rangi mashine iliyo tayari na ile isiyoguswa. Kila mtu ana ruhusa yake: huyu asome, yule aandike, mwingine afunge kazi.

Wako wakubwa wanaotaka dashibodi iwe yao peke yao. Hapo hatukubaliani. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye mtambo wa mafuta wa Piper Alpha, katika bahari ya Uskoti, pampu moja ilikuwa imeondolewa vali ya usalama. Karatasi iliandikwa, lakini watu wa zamu ya usiku hawakuiona. Wakaiwasha. Gesi ikavuja, ikalipuka. Watu 167 wakafa.

Basi kuona kuwe haki ya kila mtu wa zamu. Kubadilisha rangi kuwe kazi ya fundi aliyeitengeneza mashine na mkubwa aliyeikagua. Usimwazime mtu neno lako la siri, hata shemeji yako: akigeuza nyekundu kuwa kijani, jina litakaloandikwa ni lako. Tena kompyuta haizuii mkono wa mtu. Weka kufuli na kibao chako.

Nawe mama, baba akienda zamu mkumbushe: atazame kwanza, ndipo awashe.