Kukataa Chakula Si Maringo

Kuna kauli iliyozoeleka miongoni mwetu, wasomi kwa wasiosoma, kwamba maradhi ya kujinyima chakula ni ya Wazungu. Hoja yenyewe ni nyepesi na ina mvuto: itakuwaje Mkenya, ambaye mashaka yake miaka nenda miaka rudi yamekuwa ni kukipata chakula, akikatae kikiwa tayari sahanini? Wapo hata wataalamu walioikaribia kauli hiyo. Mnamo mwaka 2004 jarida la utabibu la Afrika Mashariki lilichapisha makala kuhusu anoreksia nchini Kenya, na waandishi wake wakahitimisha kuwa ugonjwa huo ni nadra hapa. Sina ugomvi na madaktari hao, kwa sababu mtu huhesabu alicholetewa. Ugomvi wangu ni na sisi tulio nje ya hospitali, tunaoamua ni nani apelekwe kwa daktari na ni nani akemewe, aombewe, ama apongezwe.

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu maradhi yenyewe. Anoreksia ni hali ya mtu kujinyima chakula hata uzani wake ukashuka chini ya kiwango cha afya, naye asione hatari yoyote. Jina hilo lilitumiwa mwaka 1873 na madaktari wawili, William Gull jijini London na Charles Lasègue jijini Paris, kila mmoja kwa utafiti wake. Bulimia, iliyoelezwa na Gerald Russell mwaka 1979, ni kubugia chakula kingi kwa muda mfupi bila ya uwezo wa kujizuia, kisha kujitapisha au kunywa dawa za kuendesha ili kukifuta kilicholiwa. Aina ya tatu ni kubugia huko huko pasipo kujitapisha, nayo iliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013. Wanaougua ni wasichana kwa wingi, ingawa wavulana nao wamo. Hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, meno huliwa na asidi ya tumboni, na kutapika kukizidi potasiamu hupungua mwilini hata moyo ukapiga ovyo. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya tafiti 36, ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa watano wa anoreksia waliofariki, mmoja alikuwa amejiua.

Takwimu hiyo ya mwisho inatuleta kwenye akili, na hapa ndipo wengi wetu hupotoka. Tunamwona msichana ana hasira za ghafla, amejitenga na wenzake, anadanganya kuwa amekwisha kula, nasi tunakata shauri kwamba tabia yake mbaya ndiyo inayomzuia kula. Aghalabu sehemu kubwa ya mambo hayo huwa ni kinyume chake. Katika miaka ya 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwachukua wanaume 36 wenye afya ya mwili na akili, waliokuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao na wakajitolea kwa jaribio la njaa. Kwa muda wa miezi sita walipunguziwa chakula hadi wakapoteza takriban robo ya uzani wao. Watu hao wakawa si wale. Walishikwa na huzuni, wakawa wepesi wa kukasirika, wakajitenga, wakawaza chakula usiku na mchana, na wengine wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi ilhali hawakuwa wapishi. Walipoachiwa kula, baadhi yao walikula kupita kiasi wasiweze kujizuia. Hakuna aliyewaonyesha picha za warembo, wala hakuna aliyewacheka miili yao. Ilikuwa ni njaa tu. Maradhi haya huanza kwa sababu nyingi, zikiwemo urithi wa damu, wasiwasi na mateso ya utotoni, lakini yakishaanza njaa yenyewe huivuruga akili, na akili iliyovurugika huzidi kukikataa chakula.

Mimi ni mtu wa lugha, si tabibu, kwa hivyo nitazungumza juu ya shamba ninalolilima. Niliwahi kuwaomba wanafunzi wangu wa semantiki waniorodheshee vitenzi vya kula. Ubao ukajaa: kubugia, kufakamia, kubwia, kudonoa, kutafuna na vinginevyo. Kisha nikawaomba vitenzi vya kutokula. Wakanipa kufunga, kususa, kugoma, kujinyima, kushinda njaa na kulala njaa. Nikawauliza, katika watu hawa ni yupi aliye mgonjwa? Darasa likanyamaza, hatimaye mmoja akasema labda ni anayesusa, lakini huyo dawa yake ni bakora. Tulicheka sote.

Hebu msomaji aitazame orodha hiyo kwa makini. Anayeshinda njaa ni maskini. Anayegoma ana madai. Anayesusa ana maringo. Anayefunga ana dini, na anayejinyima ana subira. Kila kiti kimekwisha kukaliwa, na mgonjwa hana pa kuketi. Na vivyo hivyo kwa upande wa pili: anayebugia tunamwita mlafi au mroho, neno ambalo ni hukumu kabla ya kuwa maelezo. Ni nani atakayekiri mbele ya mzazi au mwalimu kwamba usiku alikula mkate mzima akiwa amejifungia, kisha akaenda kutapika, ikiwa jina linalomngoja ni hilo?

Neno linalonishughulisha zaidi ni kujinyima. Kwa asili yake ya Kigiriki, anoreksia maana yake ni kukosa hamu ya chakula, na kwa kweli jina hilo linapotosha, maana wengi wa wagonjwa wana njaa na wanapigana nayo. Kiswahili chetu, kwa kile kiambishi kidogo cha -ji-, kimelenga shabaha vizuri zaidi: mtu anajifanyia mwenyewe jambo ambalo angeweza kufanyiwa na adui. Lakini neno hilo hilo ni la sifa. Mama hujinyima ili alipe karo, mwanafunzi hujinyima ili afaulu. Msichana akijinyima chakula, wa kwanza kumsifu ni sisi.

Wala hili si wazo la darasani tu. Katika mwaka ule ule wa 2004, jarida la madaktari wa akili wa Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa wasichana 668 wa shule mbili za upili kaskazini mashariki mwa Ghana. Walipatikana 10 ambao wembamba wao haukuonekana kuwa na sababu nyingine ila kujinyima chakula. Hawakuwa wakiogopa unene, wala urembo haukuwa shida yao. Walizungumza juu ya dini, juu ya kuitawala nafsi na kuishinda njaa. Ulaya yenyewe iliwahi kuyaona hayo: Katerina wa Siena, aliyefariki mwaka 1380 akiwa na umri wa miaka 33, alijinyima chakula hata mwili ukamshinda, na waliomzunguka waliona utakatifu. Basi tukiwa tunamtafuta mgonjwa anayetaka kufanana na wanamitindo wa Paris, tutampita huyu wa kwetu njiani tena tukimwamkia kwa heshima.

Nisieleweke vibaya. Saumu si ugonjwa. Ina mwanzo na ina mwisho, na Uislamu wenyewe humruhusu mgonjwa asifunge. Wala sizungumzii msitu wa Shakahola, ambako tangu mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Hilo ni suala la jinai na lina mahakama yake. Namzungumzia yule ambaye wenzake wakifuturu yeye hana haraka, na mwezi ukiandama hutafuta nadhiri nyingine, au yule ambaye kila juma ana mfungo wa maombi ambao kanisa lake halikuutangaza.

Ama kuhusu urembo, nao unakuja kwa kasi. Tulikuwa na ngao ya zamani, kwani kunenepa kwetu kulikuwa dalili ya neema, na katika miaka ya 1980, ukimwi ulipoitwa Slim kule Uganda, aliyekonda alinong'onwa kila alipopita. Fiji nako unene ulikuwa sifa. Televisheni ilifika Nadroga, mkoa mmoja wa nchi hiyo, mwaka 1995. Anne Becker na wenzake walipowahoji wasichana wa shule mwaka huo, hakuna aliyesema kwamba hujitapisha ili apunguze mwili. Waliporudi mwaka 1998, asilimia 11.3 ya waliohojiwa walisema hufanya hivyo. Hiyo ilikuwa televisheni ya sebuleni, inayozimwa baba akienda kulala, sembuse simu iliyo mkononi mwa mtoto hadi chini ya blanketi? Shangazi bado huamkia kwa "Umenenepa kweli siku hizi!" akimaanisha heri. Yeye hajabadilika, ila masikio ya mpwa wake yamebadilika.

Kamati ya serikali iliyochunguza afya ya akili ilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Katika mabweni yetu, anayeweza kuliona janga hili mapema si daktari, bali ni mlezi wa bweni na mwalimu wa zamu, anayejua ni nani humgawia jirani githeri yake kila siku na ni nani hukimbilia msalani kila baada ya chakula. Wafundishwe dalili hizi. Na wafundishwe pia kutomlazimisha aliyekonda sana ale kwa wingi mara moja, kwani mwili uliokaa na njaa ukijazwa ghafla chumvi za damu huvurugika na moyo waweza kusimama. Apelekwe hospitali arejeshewe chakula taratibu. Wazazi nao wasifukuzwe mlangoni. Tiba iliyoanzia katika hospitali ya Maudsley, London, katika miaka ya 1980, huwatanguliza wazazi katika kumlisha mtoto, tena bila ya kutafuta wa kulaumiwa.

Kwa upande wa lugha, napendekeza tuseme maradhi ya ulaji kwa jumla, na kwa anoreksia tuseme ugonjwa wa kujinyima chakula, neno ugonjwa lisiachwe nyuma hata katika mazungumzo ya haraka, maana likidondoka tu inabaki sifa. Bulimia bado inanitatiza. Ugonjwa wa kubugia na kujitapisha ni jina refu mno, na kila fupi nililojaribu limeishia kunuka ulafi. Mwenye neno lililo bora na alilete.