AKILI ZA WAZEE SI BIDHAA

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii yatujia kila tunapoitazama biashara iliyozuka duniani ya kuuza kinga ya kusahau kwa njia ya kompyuta.

Demensia ni maradhi ya ubongo yanayomnyang'anya mtu kumbukumbu, maneno, na hata njia ya kurudi nyumbani kwake. Si uchawi, wala si sehemu ya lazima ya uzee. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo, na wengi wao hukaa katika nchi zisizo tajiri. Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Ndiyo maana wataalamu wamebuni mazoezi: mzee huketi mbele ya kompyuta, hutambua picha zinazopita upesi au hukumbuka orodha ya vitu, na kazi huzidishwa ugumu kadiri anavyoendelea.

Hatusemi kwamba mazoezi hayo hayana faida. Mwaka 1998 ulianza nchini Marekani uchunguzi wa wazee 2,832 wasiokuwa na maradhi haya. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba, baada ya miaka 10, waliozoezwa kufikiri, na waliozoezwa kwa kompyuta wepesi wa kutambua, walikuwa bado wakiwashinda wenzao katika kazi zile zile walizozoezwa. Waliozoezwa kukumbuka, faida yao ilikuwa imekwisha.

Lakini toka hapo hata kuahidi kinga ni safari ndefu. Januari 2016 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Lumos Labs, yenye michezo ya Lumosity, imekubali kulipa dola milioni 2 kumaliza shtaka la kuwahadaa wanunuzi kuwa michezo hiyo yaweza kuzuia kusahau na demensia. Uanachama wa maisha uliuzwa karibu dola 300. Biashara ya namna hiyo haiuzi afya. Yauza hofu ya mtoto anayemwona mama yake akisahau jina lake.

Na hapa kwetu je? Wilayani Hai, Kilimanjaro, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulikuta demensia kwa wazee kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Huko huko wazee 34 wenye maradhi haya waliwekwa katika vikundi, wakafanya vikao 14 vya mazungumzo na shughuli za kuamsha fahamu. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa fahamu zao zilipata nafuu na wasiwasi wao ukapungua. Ni wachache, kweli. Lakini kilichohitajiwa hapo si mashine, bali mtu aliyefunzwa, mwenye subira.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Kompyuta na ipokewe kama chombo cha kazi mkononi mwa mwuguzi, si kama mganga. Anayeiuza na atakiwe kuleta ushahidi kabla ya kupokea fedha ya mfanyakazi. Na kabla ya kununua mashine, tuwafunze kwanza watu wa kukaa na wazee.

Ndugu, mzee aliyevunja mgongo akitulea hakutukabidhi kwa chombo. Nasi tusimkabidhi yeye kwa chombo, tukaondoka.