Siku ya Sita

Nilipokuwa mpagazi katika njia ya Marangu, niliwahi kubeba mzigo uliowachekesha wenzangu mpaka Mandara: jozi ya skii. Mwenyewe, kijana kutoka Ulaya, alitaka kuteleza juu ya barafu ya Kibo. Kibali alikuwa nacho mfukoni. Tulipofika Horombo kichwa kilimuuma sana. Mwongozaji akamshauri alale pale siku moja zaidi, mwili uzoee hewa nyepesi. Kijana aliuliza swali moja tu: siku ya sita italipiwa kiasi gani? Alipojibiwa, akapiga hesabu, akasema twende. Usiku wa kilele, chini ya Gilman's Point, alianza kutapika na kuyumba kama mlevi. Tulimteremsha tukimshika kwapani. Skii zilirudi Marangu kavu.

Ndugu msomaji, simcheki kijana yule, wala simlaumu mtu. Ninachogombana nacho ni kanuni ya kuuza mlima kwa siku. Mgeni mtu mzima hutozwa dola 70 za hifadhi kwa kila siku, kabla ya kodi, na malipo ya kulala kwa kila usiku. Ada ya uokoaji peke yake ndiyo hulipwa mara moja kwa safari nzima. Yaani kuokolewa kuna bei ya jumla, bali kujihadhari kunatozwa kila siku!

Waongozaji wetu huhimiza "polepole" tangu langoni, lakini orodha ya bei inasema "haraka". Mgeni mwenye fedha za kuhesabu atasikiliza sauti ipi?

Sisemi barafu iachwe wazi kama soko. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa na skii. Kati ya mwaka huohuo na 2007, kiasi cha asilimia 85 ya eneo la barafu ya Kilimanjaro kilitoweka. Kitu kinachokwisha namna hiyo kinahitaji mlinzi, na mlinzi anahitaji mshahara. Tena najua fedha za mlima huu husaidia hifadhi nyingine zisizo na wageni wengi. Kibali kiwepo, na ada ilipwe.

Lakini ilipwe kwa akili. Katika hifadhi ya Mount Rainier, Marekani, kila avukaye futi 10,000 au akanyagaye barafu ya kudumu, awe kwa miguu au kwa skii, lazima apate kibali na alipe ada ya kupanda. Ada hiyo hulipwa mara moja kwa mwaka. Akizuiwa na dhoruba au na kichwa chake mwenyewe, siku ya kungoja haimwongezei ada ya kupanda.

Nasi tunaweza. Tutoze kila mpandaji jumla moja, hata iwe ya siku sita, kisha siku ya kuzoea hewa isiwe na bei. Hazina haitapoteza senti. Atakayepoteza ni yule anayetangaza safari fupi ya bei rahisi, na huyo simwonei huruma.

Maana mgeni anapoanguka, hateremshwi na orodha ya bei. Huteremshwa na vijana wetu, gizani, kwenye changarawe inayoteleza, nao wana mama zao wanaowangoja nyumbani.